Kumbukumbu ya mradi: kivuli cha ukuta wa chokaa

Hatimaye ukuta umekubali. Ninacho kipande cha karatasi, kisichozidi upana wa kiganja, ambacho nikikiinua mbele ya ukuta wenyewe pale uchochoroni Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, jicho halipati mpaka kati ya rangi niliyoipaka na kivuli kilichopo. Wenzangu wanaochora kwa rangi za maji wataelewa kwa nini jambo dogo kama hili limenifanya niandike, nami ninawaandikia wao, hivyo sitarudia namna ya kukaza karatasi wala namna ya kushika brashi. Ninataka kueleza jambo moja tu, nalo ni rangi ya kivuli kilicho juu ya ukuta mweupe ndani ya mtaa mwembamba.

Mpango wa awali ulikuwa mwingine. Nilikusudia kuchora mfululizo wa milango ya Lamu kwa wino, nikianzia Langoni na kuishia Mkomani, kila mlango na nakshi zake za mfaa, ule mti wa katikati, na za miimo ya pembeni, kisha niutie rangi kidogo ili nakshi zisizame. Kazi ya wino ilikwenda vizuri, maana nakshi hudai subira, na subira ninayo. Shida ilianza pale mlango ulipohitaji ukuta wa kuushika. Mlango wa mbao nzito uliochorwa kwa uangalifu, ukizungukwa na ukuta usio wa kweli, huonekana kama picha iliyokatwa gazetini na kubandikwa mahali pasipo pake. Nikasema nitautengeneza ukuta kwanza, kisha nirudi kwenye milango.

Masomo mengi ya rangi za maji, yawe ya vitabuni au ya video, hufundisha kwamba kivuli juu ya kitu cheupe ni cha samawati. Fundisho hilo lina msingi wake. Mahali palipo wazi, upande usiofikiwa na jua huangazwa na anga, na kwa kuwa anga ni la bluu, kivuli huipokea rangi hiyo. John Singer Sargent, aliyechora nyumba nyeupe kisiwani Corfu mwaka 1909, alivijaza vivuli vyake samawati na zambarau, nami nimeinakili picha hiyo mara nyingi kwa ajili ya kujinoa, kwa kuwa sijaona mchoraji mwingine aliyeifanya karatasi tupu ing'ae namna ile. Lakini nyumba ile imesimama mahali pa wazi, na anga limeizunguka. Mitaa yetu haiko hivyo. Katika uchochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hawapishani, katikati ya nyumba za ghorofa, anga hubaki ufito tu juu ya vichwa. Mwanga mwingi unaofika sehemu ya chini ya ukuta hutoka kwenye ukuta wa pili uliopigwa na jua, na mwingine hutoka ardhini. Ukuta huo wa pili umepakwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na kwa umri, vumbi na chumvi ya bahari chokaa hiyo imekwisha kuelekea manjano. Kwa hiyo mwanga unaorudi kutoka kwake ni wa joto, na ndio unaokipaka rangi kivuli cha upande wa pili.

Nilipokuwa bado ninafuata masomo, mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa chokaa alikuwa ameketi barazani akiniangalia. Akaniuliza, “Mwanangu, ukuta huo mbona waupaka samawati? Kwani ni mashua?” Nilimwamkia, tukacheka pamoja, na jibu sikuwa nalo.

Ukuta niliouchagua kuwa kielelezo unaelekea kusini, katika uchochoro unaotoka upande wa baharini kwenda magharibi. Nimeuchagua kwa sababu ya jua. Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, na kati ya miezi hiyo, Juni na Julai zikiwemo, hupita upande wa kaskazini. Katika majira hayo ukuta unaoelekea kusini haupati jua la moja kwa moja kuanzia asubuhi hadi magharibi, wakati ule wa mkabala wake unawaka adhuhuri. Mchoraji hawezi kupewa kielelezo kizuri kuliko hicho, yaani kivuli kisichohama, chenye taa kubwa ya chokaa mbele yake.

Hata hivyo kuona ni kazi. Ubongo unajua kwamba ukuta ni mweupe, basi huufanya mweupe hata pale ambapo mwanga wake ni wa rangi nyingine kabisa. Kamera ya simu nayo hufanya hivyohivyo, kwa kuwa husawazisha weupe yenyewe, na picha zote nilizopiga kwa ajili ya kumbukumbu zilitoka na kivuli cha kijivu kisicho na habari yoyote. Nimeziacha. Kilichonisaidia ni kipande cha kadi ya kijivu kilichokatwa kutoka boksi la viatu, nikatoboa matundu mawili yanayokaribiana. Ukitazama ukuta kupitia tundu moja, jicho hukosa mahali pa kulinganisha, na rangi hujitokeza ilivyo. Kupitia tundu, sehemu ya ukuta iliyo juu kidogo ya baraza ilikuwa ya machungwa yaliyofifia sana, karibu na rangi ya ganda la yai la kienyeji, na sehemu ya juu, karibu na paa, ilikuwa samawati ya kijivu. Kati ya hizo mbili kulikuwa na mahali pasipo na jina, na hapo ndipo karatasi zangu nyingi zilipokufa.

Ziliuawa na ukijani. Nilianza kwa kupaka ocha ya manjano nyepesi chini, na wakati bado mbichi nikateremsha bluu ya kobalti kutoka juu ili zikutane katikati zenyewe. Manjano na bluu zikikutana huzaa kijani, hilo hata mtoto wa chekechea analijua, lakini nilitumaini kwamba kwa wepesi ule haitaonekana. Ilionekana. Ukuta ulitoka kama umeota ukungu wa mvua ya Mei. Nikapunguza ocha, kijani kikabaki. Nikasubiri ocha ikauke kabisa kabla ya kuweka kobalti juu yake, kijani kikapungua lakini ule mpito laini ukapotea, pakawa na ukingo mkavu katikati ya ukuta. Nikajaribu kuanza na bluu, nayo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu brashi ya pili iliiamsha bluu iliyolala na kuisambaza hadi chini. Kuna jioni niliiweka sahani ya rangi juu ya kabati nisiione.

Dawa yake haikuwa katika mkono, ilikuwa katika uchaguzi wa rangi zenyewe. Ocha ni ya manjano, kwa hiyo mkabala wa bluu haina pa kwenda ila kijani. Siena ya kuchomwa, ile rangi ya udongo wa kahawia, inaelekea machungwa, na machungwa na bluu hupingana, kwa hiyo zikichanganyika huzimana na kuwa kijivu. Upande wa bluu nikaiondoa kobalti nikaweka ultramarini, bluu nyingine ambayo inaelekea wekundu na kwa hiyo inakimbia kijani zaidi. Siena ikipunguzwa kwa maji mengi sana hutoa ile rangi ya ganda la yai niliyoiona tunduni, na pale inapokutana na ultramarini hutokea kijivu ambacho upande mmoja ni cha joto na wa pili ni cha baridi, bila mpaka.

Kisha likaja jambo ambalo sikulipanga. Chembe za ultramarini ni za kutuama. Katika karatasi yenye mkwaruzo huzama kwenye vishimo na kuviacha vilele vidogo vikiwa na siena pekee, na ukikaribisha uso unaona madoadoa mepesi yanayofanana kabisa na chokaa ya zamani iliyoanza kuchakaa. Ili chembe zituame zinahitaji muda, na hapa Lamu wakati wa kusi muda huo upo, kwa kuwa hewa imejaa maji na karatasi hukaa mbichi kwa muda mrefu. Unyevu ambao nimeulaumu miaka yote kwa kuniharibia kazi sasa unanifanyia kazi.

Utaratibu ninaoufuata sasa ni huu. Ninalowanisha ukuta wote isipokuwa mlango, ninapaka siena kutoka chini hadi theluthi mbili, ninainamisha ubao kuelekea kwangu, kisha ninaigusisha ultramarini juu kabisa na kuiacha ishuke kwa uzito wake. Kuanzia hapo ninatazama mng'ao wa maji tu. Maadamu karatasi inang'aa ninaweza kuongeza rangi. Mng'ao ukianza kufifia, mkono unakwenda mfukoni, maana tone moja la maji wakati huo husukuma rangi pembeni na kuacha waa lenye kingo za mawimbi lisilofutika. Alasiri, upepo wa baharini unapoingia uchochoroni, karatasi hukauka kuanzia upande wa upepo, hivyo siku hizi sipaki kuta baada ya adhuhuri.

Kuhusu vifaa, nina maneno machache. Rangi zilizotengenezwa kwa asali hupendwa na wengi kwa sababu huyeyuka upesi, lakini katika hewa ya pwani hazikauki kwenye sahani. Hubaki zinanata, na ukilaza sanduku kwa ubavu zinatembea. Kwa huku mimi ninapendelea zile za kawaida za gundi ya arabiki. Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba inafaa, ila ihifadhiwe vizuri, kwa sababu gelatini inayoizuia isinywe maji ovyo huliwa na kuvu, na karatasi iliyoharibika hivyo hunyonya rangi kwa mabaka ambayo huyaoni mpaka umeshalowanisha. Zangu zinakaa ndani ya debe lenye kifuniko, pamoja na vipakiti vya kukausha hewa ninavyovikusanya kutoka maduka ya viatu. Tableti ninaitumia nyumbani kupanga mchoro, na sina ugomvi nayo, lakini uchochoroni kioo chake huakisi ufito ule wa anga, na mtu anayetafuta tofauti ndogo kati ya kijivu na kijivu hawezi kufanya kazi juu ya kioo.

Kilichonitia moyo wa kubaki na rangi chache ni misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19. Wanakili wale walifanya kazi zaidi kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na kurasa zao hazionekani kuwa na upungufu wowote. Sanduku langu lilikuwa na rangi nyingi ambazo nilizinunua kwa tamaa, na karibu zote zimehamia kwenye droo. Zimebaki siena, ultramarini, na ocha kidogo kwa ajili ya jua lenyewe.

Nilikuwa nimepanga nikishaupata ukuta nirudi kwenye milango, lakini kwa sasa sirudi. Nilipokuwa nikijaribu mchanganyiko mpya nilipita chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya mtaa kuunganisha nyumba mbili, nikasimama na kadi yangu ya matundu. Chini ya wikio hakuna anga hata kidogo, hivyo bluu yote huondoka, na mwanga wote huingia kwa pande mbili za mtaa baada ya kugonga kuta. Ukuta wa mle ni wa machungwa tangu chini hadi kwenye boriti, na boriti zenyewe zinang'aa kwa upande wa chini, kinyume na kila kitu kinachofundishwa kuhusu dari. Nimeshachora michoro midogo ya penseli ya viwango vya giza, na shida mpya imeshajionyesha: bila bluu, sijui kijivu nitakitoa wapi. Ultramarini kidogo sana ndani ya siena inakifanya kivuli kiwe cha nje, na siena pekee inakifanya kionekane kama kimewashiwa taa. Wiki hii ninajaribu siena mbichi, yaani isiyochomwa, pamoja na zambarau nyepesi, na nitaandika matokeo yake hapa yakiwa mazuri au mabaya.