Siku yangu moja ya kutengeneza sabuni ya uso, Umoja, Nairobi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, hata chai sijachemsha, nakagua chupa zangu. Nyingine ziko dirishani zipigwe na jua, nyingine kwenye friji, na nyingine ndani ya boksi la kadibodi lenye balbu na kipimajoto, kama la kulelea vifaranga, joto likiwa nyuzi 40. Kila toleo hukaa hivyo miezi mitatu kabla sijaliamini.

Leo chupa moja ya kwenye boksi imechafuka kama maji yaliyooshewa mchele. Nafungua kifuniko, nanusa. Imeharibika.

Ni toleo la 14. Sijaliuza, lakini chupa moja nilimpa dada yangu. Nampigia hapo hapo. "Dada, ile ya mwisho imwage. Usimwogeshe mtoto nayo tena." Anasema mtoto yuko salama. Namshukuru Mungu, lakini moyo hautulii.

Saa moja naandaa mita ya pH, inayopima uchachu: namba ikishuka chini ya 7, uchachu unazidi. Naiweka sawa kwa vimiminika vyake vya 4 na 7, kisha naichovya. Inasoma 6.1. Nafungua daftari. Siku ya kulitengeneza niliandika 4.8, na chini yake, kwa mwandiko wa haraka: "Povu dogo, nimeongeza glukosaidi gramu 30." Sikupima tena.

Kosa ni hilo. Glukosaidi ni kisafishaji kipole sana, ila inatoka kiwandani ikiwa na pH ya 11 au zaidi, kwa hiyo ilipandisha chupa nzima. Kihifadhi changu ni sodiamu benzoati, nacho hufanya kazi kwenye uchachu tu. Katika pH 4.5 takribani theluthi yake iko katika umbo linaloua vijidudu. Katika pH 6 haifiki hata asilimia 2. Niliiweka kwa kipimo sahihi, halafu nikailaza usingizi kwa sababu ya povu.

Saa tatu, matatu hadi mjini, kisha River Road kwa miguu. Ukitaja sabuni ya maji huku unapewa ungarol (kisafishaji chenye povu jingi), ufacid, soda ash, CDE na chumvi, vitu vya kutengenezea sabuni ya vyombo. Nilianzia hapo hapo, nikikoroga sabuni ya vyombo kwenye mtungi wa lita 20, na kwa sufuria sina neno nayo. Muuzaji ananiona nikisoma lebo za vihifadhi.

"Dada, tia tu formalini kidogo, haiozi."

"Kaka, hii ni ya uso, na wengine wataogeshea watoto."

Formalini inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi. Haiingii jikoni kwangu. Nanunua betaini, kisafishaji kingine kipole, kilo mbili, lakini dumu la kwanza nalikataa kwa sababu halina tarehe.

Saa saba niko nyumbani. Sufuria, mwiko na chupa vinapita kwenye maji moto, kisha spiriti. Maji ya kutengenezea nanunua yaliyokenekwa. Wengi huniambia nichemshe tu ya kisima. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chokaa inabaki ndani, na chokaa hiyo inaweza kufanya sabuni isiwe angavu.

Saa nane mpwa wangu anatoka shule na kunisaidia kupima. Kila kitu ni kwa gramu, vijiko tumeviacha. Kwa kilo moja: betaini 150, glukosaidi 100, glisarini 40, benzoati 5, potasiamu sobati (kihifadhi cha pili) 2, gamu ya zanthani 8, yanayobaki ni maji. Gamu tunaikoroga kwanza ndani ya glisarini. Ukiitupa majini kavu inafanya madonge kama uji uliokosewa, na madonge hayo hayavunjiki.

"Anti, mbona tusitie chumvi iwe nzito, kama ile ya vyombo?"

Namweleza kwamba chumvi huizidishia uzito ungarol, tena kwa kiasi, maana ikipita inarudi kuwa maji. Glukosaidi haiitikii chumvi vizuri, ndiyo maana tunatumia gamu.

Tunakoroga polepole, tusiingize hewa. Kisha asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, tone kwa tone, mpwa akisoma mita kwa sauti: 7.2, 6.4, 5.6. Hapa napunguza mkono, kwa kuwa kila namba moja kwenye kipimo hiki ni tofauti ya uchachu ya mara kumi. 5.1. 4.9. 4.7. Tunasimama. Ngozi ya uso yenyewe iko karibu na 5, wakati sabuni ya mche huwa 9 au 10. Uso unaobana baada ya kuoga si lazima uwe umetakata zaidi. Mara nyingi umevuliwa mafuta yake.

Saa kumi na mbili jioni mama mwenye saluni ya chini anakuja kujaribu kidogo mkononi. "Povu lake ni chache, mwanangu." Safari hii siongezi chochote. Namwomba aoshe, akauke, aniambie ngozi ikoje baada ya dakika kumi. Anangoja, anajipapasa mkono. "Haivuti," anasema.

Saa tatu usiku mapovu yameisha, sabuni imetulia na kung'aa. Napima mara ya pili: 4.7. Naandika toleo la 15, tarehe, na namba zote mbili. Chupa moja dirishani, moja kwenye friji, moja ndani ya boksi. Nawasha balbu.