Sanduku la mchanga lenye projekta: vipimo na makosa ya kuepuka

Kabla hujanunua projekta, jiulize: umeme ukikatika, mtoto atabaki na nini cha kuchezea? Kwa sanduku hili atabaki na mchanga, na ndiyo maana tunalipenda kuliko skrini yoyote ya kugusa.

Programu yake, iliyotengenezwa na Oliver Kreylos wa University of California, Davis, hutolewa bure na huendeshwa kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux. Kamera ya kupima umbali husoma kimo cha mchanga kutoka juu, kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hukigeuza kuwa rangi na kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, kisha projekta humulika picha hiyo palepale juu ya mchanga. Mtoto akirundika, kilima kinabadilika rangi. Akitandaza kiganja hewani, mvua ya nuru inanyesha na maji yanateremka bondeni. Hakuna kitufe wala maelezo ya kusoma.

Sanduku liwe na urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 75. Uwiano huo wa 4:3 unafuata picha ya Kinect ya kwanza, kamera ya kupima umbali ya Microsoft, yenye pikseli 640 kwa 480, kwa hiyo tafuta projekta ya uwiano uleule, tena ya kumulika kwa karibu. Kamera ining'inie mita 1 juu ya katikati. Kinect hiyo haitengenezwi tena. Ukinunua iliyotumika, hakikisha ina adapta yake ya umeme na USB.

Mchanga mweupe uliooshwa, kina cha sentimita 10, utakaribia kilo 120. Meza ya kawaida itapinda. Weka plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu ya mbao nene. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 6, ukingo usizidi sentimita 60 kutoka sakafuni. Nyunyizia maji kidogo na uchanganye: mchanga mkavu hausimami, na vumbi lake huziba kichujio cha projekta.

Tatizo kubwa ni jua. Kamera hii hutegemea miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na jua la dirishani huifunika kabisa, hivyo picha hutoboka matundu. Projekta yenye mwanga mkali zaidi haitasaidia, ziba dirisha.

La pili ni picha kuhama, kilima kikawa huku na rangi zake kule. Mlingoti unaoshika kamera na projekta ukifungwa darini, sanduku likisukumwa kidogo tu vipimo vinaharibika. Ufunge kwenye fremu ya sanduku lenyewe. Unapolinganisha kamera na projekta kwa kisahani chenye alama ya msalaba, kishike katika vimo tofauti, kingine chini kwenye mchanga, kingine juu. Wengi hukilaza mchangani mara zote, halafu wanashangaa mbona mabonde yako sawa lakini vilele vimepotoka.