Boksi la sabuni

Jumapili narudi na binti yangu tukakwama kwenye foleni karibu na Chalinze, pembeni yetu likasimama lori limefunikwa turubai, mbele yake difenda ya polisi. Huyu mtoto yuko darasa la nne, anasoma kila kitu kilichoandikwa barabarani, na lori lilikuwa na lile bango la rangi ya chungwa, la pembe nne lililosimamia kona, lina mchoro wa kitu kinapasuka na chini yake 1.1D. Akauliza, "Baba, kwa nini amepata D? Amefeli?"

Nikamwambia hiyo herufi sio maksi. Halafu nikanyamaza, maana ilinijia harufu ya boksi lililolowa, harufu ya karatasi ngumu iliyolala kwenye maji, na nikajua siku yangu imeshaharibika.

Enzi zile nilifanya kazi kwari, machimbo ya mawe. Mwaka 2008, nina miaka 22, stoo kipa, funguo mbili zimening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, moja ya stoo kubwa ya baruti na moja ya stoo ndogo ya fataki (fataki za kulipulia mawe, sio zile za mkesha wa mwaka mpya). Usiku huo masika ilipiga toka saa mbili, saa tano nikaenda na tochi kuangalia stoo ndogo nikakuta bati limeachia kona, maji yanadondokea boksi la fataki mpaka kitako kimelainika kama mkate kwenye chai. Kichwani mwangu ilikuja hela tu, maana mzigo ukiharibika anakatwa stoo kipa. Nikazitoa zote, zimekaa mafungumafungu, mipira myembamba iliyoviringishwa na mwisho wa kila mpira kuna kichwa cha bati kinang'aa kama mfuniko wa peni, nikazipanga kwenye boksi kavu la sabuni za mche nililolitoa jikoni, nikalibeba mpaka stoo kubwa ambako hakuvuji, nikaliweka juu ya makatoni ya baruti, nikafunga kufuli nikaenda kulala. Na usingizi nikaupata, tena mzito, nikijua nimeokoa mzigo wa watu.

Saa kumi na mbili asubuhi akaja mzee, yule mlipuaji wetu, kuchukua baruti za siku ile. Nikamwamkia, nikamfungulia, akaingia hatua moja akasimama. Akaangalia lile boksi la sabuni muda mrefu. Hakupandisha sauti. "Nani kaleta hii humu?" Nikamwambia ni mimi mzee, kule kunavuja. Akatoa simu mfukoni akanipa, "Shika hii, nenda kakae pale kwenye mwembe, na usikimbie." Nikaenda.

Kutoka kwenye mwembe nilimwona akiweka kiganja kwenye mlango wa chuma, akakiacha pale kidogo (baadaye alinieleza kwamba ni kutoa umeme unaobaki mwilini), halafu akaingia. Akatoka amelikumbatia lile boksi kifuani, kidevu kimepita juu yake, ncha za mipira zinachungulia pembeni kwa sababu sikuliziba vizuri. Udongo ulikuwa tope tupu na kutoka stoo kubwa kwenda ndogo ni kama hatua arobaini hivi, njia inakatwa na kichochoro wanachopita akina mama wanaogonga kokoto. Alitembea anakanyaga mguu mzima, kisigino na vidole kwa pamoja, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Katikati ya njia akasimama. Mimi roho ikaruka, nikajua kuna kitu amekisikia humo ndani. Kumbe kuna mama anakuja na ndoo ya maji kichwani, na mzee anampisha.

"Za asubuhi mama."

"Nzuri baba, shikamoo. Mbona umebeba peke yako, nikusaidie?"

"Marahaba. Mwepesi huu mama, wewe pita tu."

Sauti ileile ya kila siku. Yule mama akapita, maji yanamdondokea begani, hajui kitu. Mzee akasubiri mpaka amefika mbali kule kwenye mawe ndo akanyanyua mguu. Miaka yote hii, nikifumba macho, ndo mahali ninaporudi, yeye amesimama pale na boksi la sabuni anasubiri mtu apite.

Alipolifikisha, akaliweka kona iliyo kavu, akaniita. Alikuwa ameshika lile boksi la zamani, lililolowa. "Soma." Nikasoma, 1.4B. "Na lile ulilotumia limeandikwa nini?" Nikasema sabuni. "Basi hiyo 1.4 sasa hivi iko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye boksi alilolishika. Lilikuwa tupu.

Sikuelewa vizuri siku ile, nilielewa miaka ya baadaye nilipopelekwa kozi ya mizigo ya hatari. Umoja wa Mataifa wana mfumo wao na nchi nyingi zinaufuata, namba inasema kitu kikiamka kitafanya nini. 1.1 mzigo wote unaondoka kwa mpigo mmoja, 1.2 unarusha vipande, 1.3 ni moto mkali kuliko mshindo, 1.4 madhara yake yanaishia karibu na boksi. Wengi wanadhani namba ikiwa kubwa ndo hatari inapungua, lakini 1.5 ni kitu kigumu sana kukiamsha na kikishaamka ni kilekile cha 1.1. Sasa hiyo namba inapatikana kwa kupima mzigo ukiwa kwenye boksi lake: wanalipua kimoja ndani waone kama na wenzake wataitikia, wanarundika maboksi wanayachoma moto waone yatafanya nini. Ndo maana fataki za aina moja zinaweza kuwa 1.1B au 1.4B au hata 1.4S kutegemea zimefungwaje. Mimi nilizitoa kwenye boksi zilimopimiwa nikazikusanya kwenye la sabuni, na hakuna mtu duniani aliyewahi kuzipima hivyo.

Herufi ndo inasema nani alale na nani. Mzee alinielezea kwa maneno yake, kwamba baruti, hiyo D, ina usingizi mzito, fataki ndo B, na kazi yake hapa duniani ni moja tu, kumwamsha D. "Na wewe umewalaza kitanda kimoja, usiku kucha, na vijana 11 wamelala banda la jirani." Mmoja wao alikuwa mimi.

Halafu akanipa daftari la stoo niandike kwa mkono wangu nilichofanya, na saa. Bosi hakuambiwa, na sijui kama bosi aliwahi kulisoma lile daftari. Mwaka uliofuata, 29 Aprili 2009, ghala la mabomu la jeshi lilipolipuka Mbagala, vipande vikaruka mpaka majumbani na watu zaidi ya 20 wakafa, nilikaa redioni siku nzima nikimfikiria yule mama wa ndoo.

Mwaka juzi kwenye yadi ninayofanya sasa, kijana mmoja boksi lilimchanikia njiani akahamishia fataki kwenye kiroba. Aliniambia mwenyewe, hakuficha. Niliandika ripoti, ikapanda juu, wiki ile ile akaondolewa. Ripoti ilikuwa sahihi, kila neno. Lakini mzee angefanya vile? Nimejiuliza mara nyingi sana.

Foleni ikaachia, lori likatangulia na difenda yake. Binti yangu akataka nimmalizie, nikamsimulia mpaka pale pa mama na ndoo. Mbele kidogo tukapita kijiwe cha bodaboda ambako yule kijana anapaki siku hizi, akaiona gari akanyoosha mkono, "Shikamoo bosi!"

Nikaitikia. Sikusimama.