Kwaruza kwanza kabla uweke kwa mizani

Juzi landlord mmoja wa Pangani, Nairobi, alikuwa anang'oa mabomba kwa nyumba yake ya mawe ya zamani, na fundi ni rafiki yangu so akaniita nichukue yale yametolewa. Gunia moja na nusu. Mifereji, vali, bawaba, vitasa vya milango, komeo za madirisha, vingine vimepakwa rangi juu ya rangi hadi hujui chini kuna nini.

Kitambo ningebeba hiyo gunia moja kwa moja hadi yadi ya kununua skrapu. Nishawahi kufanya hivyo Kariobangi, mzigo wote ukapimwa bei ya chuma na ndani shaba njano (brass) ilikuwa karibu nusu, na shaba njano kwa kilo inapita chuma mara kadhaa. Iliniuma wiki mzima. Tangu hiyo siku sipimiwi kitu kama sijakichambua nyumbani.

Naanza na sumaku, nilitoa kwa spika imekufa. Ikishika kila mahali, hiyo ni chuma hata kama juu inang'aa njano, bawaba nyingi ni hivyo, zimepakwa tu. Ikishika mahali pamoja tu, angalia vizuri, pengine ni skrubu ama pini imekwama ndani, itoe uone.

Sasa ikikataa kushika ndio watu wanachanganyikiwa, manake zinki pia haishikwi na sumaku, na mifereji mingi ya kupakwa kromu ni zinki. Mzee mmoja wa jua kali pale Kamukunji alinichukua mkono akaniambia, "Kijana, kwaruza huku chini, pale kwa nyuzi za kufungia bomba." Tupa, ile chuma ya kukwaruza, inapita mara mbili tu. Ukiona unga wa njano kama dhahabu, hiyo ni shaba njano. Wekundu, ni shaba nyekundu ama mchanganyiko wa shaba na bati (tin). Kijivu cheupe na tupa inakula haraka, zinki ama aluminiamu, lakini aluminiamu utaijua kwa wepesi. Na unga ukiwa kijivu lakini tupa inakula kwa shida, na sumaku haishiki, ujue ni stenlesi.

Bado uko na wasiwasi? Maji hayadanganyi. Pima kitu kwa mizani ya jikoni, halafu kifunge uzi ukizamishe kwa jagi lenye alama za mililita, tikisa hewa yote itoke, uangalie maji yamepanda ngapi. Vali moja ilikuwa gramu 850 na maji yakapanda 100, ukigawa gramu kwa maji ni 8.5, hiyo ni namba ya shaba njano kabisa. Mfereji wa kromu ulikuwa gramu 710, maji yakapanda hizo hizo 100, 7.1, zinki. Kwa mkono ningeapa zote ni kitu kimoja.

Ile rangi ya zamani tafadhali usiichome wala usiipige msasa ikiwa kavu, rangi za kitambo nyingi zina madini ya risasi ndani na watoto wanavuta hilo vumbi. Mimi nililoweka maji moto na sabuni usiku mzima, asubuhi ikatoka kama ganda. Chini ya rangi nyeupe kukatokea kitasa cha shaba njano na kufuli yake, ufunguo bado unazunguka, na nikasema hiki hakiendi kwa kilo. Seremala anayerekebisha milango ya zamani alikichukua pamoja na bawaba mbili, akanilipa kuliko uzito wake ungenipa pale yadi.

Kulikuwa pia na mita ya maji ndani ya gunia. Mwili wake ni shaba njano safi, tena nzito, lakini mita ni ya kampuni ya maji na siuzi mali ya wenyewe, kwanza baada ya ile Januari 2022 biashara yote ya skrapu ilipopigwa marufuku hadi Mei juu ya vyuma vya stima kuibiwa, watu wasio na hatia wakalala njaa. Nikamrudishia fundi aipeleke kwa landlord jioni hiyo hiyo. Shaba njano iliyobaki ni kilo 11 na kitu, iko kwa ndoo chini ya meza, Jumamosi naenda nayo.