Siku moja maishani mwangu: mezani pa kitabu cha herufi, Nasser Road

Saa 12 asubuhi

Nawahi teksi ya Kawempe kabla foleni ya Bwaise haijasimama. Nachagua kiti cha dirishani, maana barabara yote hii mpaka Wandegeya ni maandishi matupu: majina ya maduka yaliyochorwa kwa brashi, matangazo ya sabuni, maneno ya dini nyuma ya magari. Kwa kila herufi kuna mtu aliyekaa akaamua tumbo lake liwe na upana gani na mguu wake uishie wapi. Hilo ndilo nataka mtoto wa P.5, darasa la tano la msingi, alijue, alijue kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa hiyo natengeneza kitabu cha kusimama, kile ambacho ukifungua ukurasa karatasi inainuka, na ukivuta ulimi wa karatasi kitu kinasogea. Mada ni historia ya herufi za chapa. Lugha ni Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na mtoto anayejifunza lugha anastahili kitabu cha kumfurahisha, zaidi ya kile cha mtihani.

Saa 2

Nasser Road imeshaamka. Huu ndio mtaa wa uchapaji wa Kampala. Ukishuka tu madalali wanakupokea: kadi za harusi? kalenda? vitabu vya risiti? Kuta zimejaa mabango ya wanasiasa wa dunia nzima, rangi zinawaka. Meza yangu iko ghorofani, juu ya karakana ya Mzee, mchapaji wa siku nyingi, na mashine za ofseti zikianza sakafu nzima inatetemeka. Naupenda mtetemo huo. Unanikumbusha kwamba kitabu changu kina ndugu.

Saa 3

Kwa Hajati, muuza karatasi.

"Asalaam aleikum, Hajati. Naomba manila ya gramu 250, lakini nyuzi ziende kwa urefu."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Umekuja tena na nyuzi zako!"

Anacheka, ila ananiruhusu kulowesha kipande cha pembeni nione kinajikunja upande gani. Karatasi ina mwelekeo. Inapotengenezwa mashineni, nyuzi za mti hulala upande mmoja. Ukikunja sambamba nazo, mkunjo unakuwa safi na unadumu. Ukikunja kwa kuzikatiza, rangi inapasuka na baada ya muda karatasi inachoka. Kitabu cha kawaida kinaweza kuvumilia. Changu kitapita katika mikono ya darasa zima, na kila kufunguliwa ni kukunjuliwa upya kwa viungo vyote. Hajati ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili chake kitamu, na sasa yeye mwenyewe ndiye anayewaeleza wateja wengine habari za nyuzi.

Saa 4 mpaka saa 7

Hapa ndipo moyo wangu ulipo: ukurasa wa kalibu, chombo cha kumiminia herufi za chuma.

Kabla yake kuna kurasa mbili ambazo sitaki mtoto azipite mbio akidhani kila kitu kilianzia Ulaya. Wa kwanza ni wa Bi Sheng wa China, aliyetengeneza herufi za udongo wa kuchoma katika miaka ya 1040. Alizipanga juu ya bamba la chuma lililopakwa utomvu wa msonobari na nta, akalipasha moto zishike; akishachapa, analipasha tena zinaachia. Kwenye karatasi nimefanya bamba linaloinuka kwa mkunjo wa V, na herufi zinachomoka moja moja. Wa pili ni wa Korea, ambako kitabu cha Kibudha kiitwacho Jikji kilichapwa kwa herufi za chuma mwaka 1377, karibu miaka 80 kabla ya Biblia ya Gutenberg. Nakala iliyobaki iko Paris, katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa.

Kisha Mainz, Ujerumani. Watu wengi husema Gutenberg aligundua mashine ya kuchapia. Mimi naona sifa hiyo inampunja. Mitambo ya kukandamiza ilikuwepo tayari, watu walikamulia zabibu. Kipaji chake kilikuwa kwenye herufi yenyewe: namna ya kuzalisha maelfu ya herufi za chuma zenye kimo kimoja, haraka, bila kuchonga kila moja. Hadithi ambayo wachapaji wamerithishana ni hii. Unachonga herufi moja kwenye ncha ya chuma cha pua. Unaigongelea kwenye kipande cha shaba, inaacha shimo la umbo lake. Shaba hiyo unaiweka chini ya kalibu, unamimina mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, na kufumba na kufumbua unatoa herufi. Unarudia mpaka uchoke.

Uzuri wa kalibu ni kwamba ina nusu mbili, kila moja na umbo la L, zinazoteleza moja juu ya nyingine. Zikisogeleana, nafasi ya katikati inakuwa nyembamba, inatosha *i*. Zikiachana, inatosha *M*. Kimo hakibadiliki, upana ndio unaobadilika. Nilipolielewa hilo nilijua ukurasa wangu utafanya nini, kwa sababu vipande viwili vya L vinavyoteleza ni jambo ambalo karatasi inalijua vizuri sana. Mtoto anavuta ulimi wa kushoto, nyundo inagonga. Anavuta wa kulia, L mbili zinaachana. Anasukuma wa chini, herufi inatoka, na imegeuka, kwa sababu herufi ya chapa husomeka kinyume. Kando nimebandika karatasi ya fedha inayong'aa kama kioo, aisogeze herufi hapo aione ikikaa sawa.

Asubuhi yote nimekuwa nikipunguza msuguano. Nimekwaruza njia za mikunjo kwa kalamu ya biki iliyokauka wino, nimebandika kizuizi nyuma ili ulimi usivutwe ukatoka wote, nimepima tena kwamba umbali kutoka kwenye mkunjo wa kati uko sawa pande zote mbili. Usipokuwa sawa, kitabu hakifungiki. Ukifungua ukurasa unaofuata, inainuka safu ya Biblia ile iliyokamilika mnamo 1455: mistari 42, nakala zipatazo 180, na aina karibu 290 za herufi na alama, kwa sababu alitaka ifanane na mkono wa mwandishi mzuri.

Saa 7

Rolex ya moto ya pale kona, chapati iliyoviringishiwa mayai, chai ya tangawizi. Swala. Kazi.

Saa 8

Mzee anapanda ngazi na droo yake. Alijifunza kupanga herufi za risasi Nairobi akiwa kijana, na hizi chache alizihifadhi wakati wenzake walipoziuza kwa kilo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo tunamchapa nani?"

Tunamchapa Mackay. Alexander Mackay, fundi Mskoti wa CMS, misheni ya Kianglikana ya Uingereza, alifika Buganda Novemba 1878. Alikuwa na mashine ndogo ya kuchapia, na kwa karatasi kubwa za kufundishia kusoma alichonga herufi za mbao kwa mkono wake. Wanafunzi waliitwa abasomi, wasomaji. Lakini kusoma hakukuja naye. Kabla yake wafanyabiashara wa Zanzibar walikwishafika, na Kabaka Mutesa I alikuwa amejifunza Kiarabu na Kiswahili. Kwa hiyo ukurasa huu una milango miwili: wa kulia unafunguka kutoka kulia, una Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wa kushoto una meza ya Mackay. Katikati ni gazeti la Ebifa mu Uganda la 1907.

Mzee anapanga mstari mmoja kwenye kijiti cha chuma, kichwa chini, kinyume, bila kuangalia. Nampiga picha za mikono ili nichore vidole vilivyo sahihi. Ananirekebisha: kidole gumba cha kushoto kinashikilia herufi ya mwisho, kikiachia mstari wote unamwagika. Sikuwahi kuona kitabu kilichoniambia hivyo.

Saa 10

Umeme umekatika, na kompyuta ndogo ina chaji ya kutosha kwa jambo moja: ŋ.

Tahajia ya Kiganda iliyokubaliwa mwaka 1947 ina herufi hii, sauti ile ya ng' katika ng'ombe. Ngoma huandikwa *eŋŋoma*. Lakini tembea mtaani humu uone: mabango mengi yanaandika *ng* au *ng'*, kwa kuwa fonti nyingi za bure zilikuja bila ŋ, na fundi akiikosa anaendelea na kazi. Miaka ikipita, herufi inafifia machoni mwa watu kwa sababu tu mchoraji fulani wa mbali hakuihesabu. Hilo linaniuma. Na ikiwemo, herufi yake kubwa ina sura mbili: moja ni N kubwa yenye mkia, nyingine ni ile ndogo iliyokuzwa. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya hupendelea ya kwanza. Lugha za Afrika kwa kawaida hutaka ya pili. Kwa maandishi ya kitabu nimechagua Andika, fonti ya shirika la lugha la SIL iliyotengenezwa kwa wanaoanza kusoma, kwa sababu inakuruhusu kuchagua sura ya Ŋ. Kwenye ukurasa wa kompyuta mtoto atavuta nukta tatu kwenye karatasi ya plastiki, na mkia wa ŋ utajipinda mbele yake.

Saa 11

Watoto wa wachapaji wa chini wametoka shule, wanapanda na sare zao. Nawapa nakala ya majaribio, nakaa kimya na daftari.

Kwenye kalibu wamegombana nani avute. Mmoja kaichapa herufi kwenye mkono wa mwenzake kwa wino wa stempu, nami sikumzuia. Kwenye ŋ msichana mmoja wa P.4 kaniuliza kama anaweza kuivuta mpaka iwe kitu kingine. Lakini ukurasa wa sura maarufu za herufi, ule wenye herufi za kwanza za chapa zisizo na vijiguu, vile vistari vya kwenye ncha, za mwaka 1816 kutoka London, Futura ya 1927 na Helvetica ya 1957, wameupita. Zinasimama vizuri, rangi nzuri, na hakuna cha kufanya isipokuwa kutazama.

Saa 1 usiku

Nimeamua: sura hizo zinahamia nyuma ya mlango mmoja mdogo, na nafasi yao inachukuliwa na vipande vya herufi. Matumbo, miguu, mikia, vijiguu, vyote kwenye mfuko wa karatasi, mtoto aunde yake. Mzee anasema Helvetica itanidai. Namwambia itasubiri zamu. Nimekata mfuko wa kwanza, nimeupaka gundi, nimeulalia rula ya chuma na kopo la wino juu yake. Teksi za mwisho za bei nafuu zinaondoka sasa hivi.