Joto la Kompyuta Lilivyohamia kwa Jirani

Desemba ya 2009 nilikuwa nimepanga chumba Majengo, Moshi, chini ya bati lisilo na dari, na humo ndani kulikuwa na kompyuta moja iliyokuwa inanilisha. Nilikuwa napiga na kuhariri video za harusi. Anayeijua Moshi hahitaji kuelezwa Desemba ni nini. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila kona, magari ya kutoka Dar es Salaam yanafukuzana barabarani, na Jumamosi moja inabeba harusi, sendofu na kipaimara. Wote wanataka DVD zao kabla wageni hawajageuza mwanzoni mwa Januari. Wageni wakishaondoka, kumdai mteja hela iliyobaki ni kazi nyingine kabisa.

Sasa, kurenda filamu ya harusi ya saa tatu, yaani kuiacha kompyuta iunganishe vipande vilivyohaririwa viwe video moja, kwa mashine za wakati ule, ilikuwa kazi ya usiku kucha. Prosesa yangu, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya toleo la 2005, ya zile za mwanzo zenye viini viwili, ambazo mtengenezaji mwenyewe aliziandikia wati 130. Mchana chumba kinagonga nyuzi 33, feni inapuliza hewa ya moto juu ya kitu cha moto, prosesa inakaribia 80. Ikizidiwa inajipunguzia kasi ili isiungue. Ikizidiwa zaidi inazima, na bi harusi anabaki nusu mlangoni mwa kanisa.

Nikamfuata baba mdogo, fundi friji mwenye kibanda karibu na soko la Mbuyuni, nikiwa na wazo langu tayari: anitafutie friji kuukuu, nitoe rafu, niingize kompyuta, nifunge mlango.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba. Umeleta feni au umeleta shida?”

Nilipomaliza kueleza alicheka mpaka akaweka spana chini. “Friji haitengenezi baridi, mangi. Inahamisha joto. Nyama ina joto lake la kuingia nalo. Likishatolewa, mota inapumzika. Hiyo yako ni jiko linalowaka ndani ya kabati. Mota haitapumzika mpaka ife.”

Nilisoma fizikia mpaka kidato cha sita na hakuna mwalimu aliyewahi kunielezea friji kwa maneno machache kiasi kile.

Alichokubali kufanya ni kitu kingine: kupoza maji, kisha maji yaende kwenye prosesa. Alichagua mota kwa kusoma kibandiko chake. Za zamani zilizotumia gesi ya R12 alizisukuma pembeni, maana gesi hiyo ilikuwa ikiondolewa sokoni tangu nchi zilipokubaliana Montreal mwaka 1987 kwa ajili ya tabaka la ozoni, na oili iliyomo kwenye mota zile haielewani na R134a, gesi iliyochukua nafasi yake. Akapata moja ya friji ndogo, ya R134a, ambayo kabati lake lilikuwa limeliwa na kutu lakini yenyewe nzima.

Bomba la shaba la robo inchi alilizungusha kwenye kopo la rangi mpaka likawa koili. Hiyo ndiyo ingezama kwenye maji. Gesi ikishasukumwa na mota inakuwa na presha kubwa na moto. Inapita kwenye wavu wa nyuma, inatema joto, inakuwa kimiminika. Halafu inabanwa kwenye mrija mwembamba, na ikitokea upande wa pili presha imeshuka ghafla, inachemka. R134a kwenye presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ili ichemke lazima inyonye joto mahali. Sisi tulitaka inyonye la maji yangu. Kwa kuwa hatukuhitaji barafu, baba mdogo aliukata ule mrija ukawa mfupi kuliko wa friji, gesi ipite kwa wingi zaidi.

Kazi iliyochukua muda ni ile isiyoonekana. Kila kiungo alikichomelea kwa gesi, akapima kwa povu la sabuni, akarudia palipotoa vipovu. Kisha akafunga mota nyingine mbovu-mbovu, akaigeuza pampu ya kunyonya hewa, akaiacha inyonye mchana mzima. Unyevu kidogo tu ukibaki ndani, aliniambia, utaganda mdomoni mwa ule mrija na kuuziba, na utamtukana fundi bure. Nilijifunza pia kwamba fundi hapendi kuulizwa “bado?” wakati ananyonya hewa.

Kwenye vyuma chakavu nilipata kipande bapa cha shaba. Tukakisugua kwa msasa kikawa kama kioo, akakichomelea bomba juu yake. Hicho ndicho kingekaa juu ya prosesa. Pampu ndogo ya kuzamishwa, ya chemchemi za bustani, niliifuata Arusha. Maji yalikuwa lita 20 kwenye boksi la kuhifadhia barafu.

Kipande kile hatukukifunga moja kwa moja kwenye kompyuta. Baba mdogo aliamuru kilazwe kwanza juu ya magazeti, mitambo yote iwake usiku mzima. Asubuhi maji yalikuwa nyuzi 6, na magazeti yamelowa.

“Inavuja,” nikasema.

Hakujibu. Aliingia kwa jirani yangu, mama wa saluni, akatoka na kijiko cha bluu ya kufulia, akakikorogea kwenye boksi. Tukabadilisha magazeti, tukasubiri. Yakalowa tena, na madoa yote yalikuwa meupe. Hakuna hata tone la bluu. Maji yale hayakutoka kwenye bomba, yalitoka hewani: shaba ilikuwa baridi mno, ikaota jasho. Kama ingekuwa juu ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, jasho lile lingeniulia kila kitu.

Kwa hiyo baridi ya bure tuliyoipata ilibidi tuikatae. Alitafuta swichi ya joto ya AC ya dirishani, maana ile ya friji haijui kuishia nyuzi 20, akaifunga maji yasishuke chini ya hapo. Mabomba yakakauka. Prosesa, ikifanya kazi kwa nguvu zote, ikatulia kwenye nyuzi 45 na kitu.

Umeme ulikuwa unakatika, kama kawaida, na hapo ndipo nilipoyapenda maji. Nilipiga hesabu: lita 20 zikipokea wati 130, zinahitaji kama dakika 11 kupanda nyuzi moja. Pampu na kompyuta vilikuwa kwenye UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, mota haikuwepo. Ukirudi umeme, mota inasubiri dakika chache presha itulie ndiyo iwake, na prosesa haijui kama kuna lililotokea.

Lakini chumba kilikuwa tanuri. Joto lote la kompyuta, pamoja na la mota yenyewe, lilikuwa linatemwa mgongoni mwangu. Baba mdogo akahamisha wavu na feni yake nje, akavipachika ukuta wa nyuma. Kesho yake mama wa saluni alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

“Mwanangu, joto la kompyuta yako ndiyo umeona uniletee mimi?”

Nilimwomba radhi, tukaugeuza wavu utazame uani. DVD zilitoka kabla ya wageni kuondoka, isipokuwa za familia moja ya Kibosho ambayo ugomvi wao haukuhusiana na joto.

Mwaka uliofuata, masika yalipoisha, nilipata prosesa nyingine, Core 2 Duo iliyotumika, ya wati 65. Iliitosha feni yake ya kawaida, tena ikarenda haraka zaidi. Sijui kwa nini nilisikitika. Baba mdogo hakusikitika hata kidogo. Alikuja siku hiyohiyo na spana zake, akanyonya gesi, akang'oa mota na wavu. Alikuwa na mteja Himo mwenye duka.

Haikupita wiki, ile baridi ya Juni imeshashika mji, mama wa saluni akaja tena.

“Ile feni ya nyuma mbona haiwaki?”

Kumbe muda wote wa masika alikuwa anaanika taulo zake mbele ya wavu. Nikamwambia mota imekwenda Himo, inapoza soda.

“Na taulo zangu je?” akauliza.