Daraja la nne, pointi 26: nilivyomtafutia mdogo wangu chuo

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, macho ya wengi hukimbilia DIV, yaani daraja, na pointi. Mimi huanza na mstari wa masomo. Wa mdogo wangu ulisomeka hivi: CIV-'D' HIST-'D' GEO-'C' KISW-'C' ENGL-'D' PHY-'F' CHEM-'D' BIO-'D' B/MATH-'F'. Chukua masomo saba bora: C mbili kwa pointi tatu tatu, D tano kwa nne nne, jumla 26. Daraja la tatu linaishia 25, hivyo 26 ni la nne.

Kidato cha tano kinataka C tatu zisizo za dini, kwa hiyo hapo hakuna la kujadili. Vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, havipimi kwa daraja. Kuingia NTA 4, ngazi ya kuanzia ya vyuo hivyo, ni ufaulu wa masomo manne kuanzia D, mradi lisihesabiwe somo la dini. Yeye alikuwa nayo saba. Tatizo ni kwamba kila kozi ina masharti yake juu ya hayo manne, na yameandikwa kwenye mwongozo wa udahili ambao watu hawaufungui.

Alitaka utabibu. Utabibu unadai kemia, baiolojia na fizikia, zote zipite. F moja ya fizikia ikamtoa hata kama D zimejaa. Uuguzi vivyo hivyo. Famasi inadai kemia na baiolojia, mengine mawili yoyote yasiyo ya dini, basi tukaombea hiyo: miaka mitatu, NTA 4 hadi 6, anatoka na stashahada. F ya hesabu haikumzuia. Anayeng'ang'ania utabibu arudie fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea: usajili mwanzoni mwa mwaka, mtihani Novemba. Kabla hajalipia, aulize chuo anachokitaka kama kinapokea vyeti viwili, cha kwanza na cha kurudia.

Chuo chenyewe nilikihakiki mara mbili kwenye tovuti ya NACTVET: kwanza kama kimesajiliwa, kisha kama kozi ile imeidhinishwa pale. Hayo ni mambo mawili tofauti, na chuo chenye usajili halali kinaweza kutangaza kozi ambayo hakijaruhusiwa kuifundisha. Ada ya kwenye bango usiiamini peke yake. Omba mchanganuo wote: sare, mitihani, bima ya afya, mafunzo kwa vitendo, hosteli. Lipa kwa namba ya malipo au akaunti ya chuo. Anayekupa namba yake ya simu "akushikie nafasi" ni dalali.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mohamed na cha NECTA (Baraza la Mitihani) Mohammed, shughulikia mapema kwa hati ya kiapo au deed poll (hati ya kubadili jina), kwa sababu Bodi ya Mikopo huhakiki vyeti vya kuzaliwa kupitia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Tangu 2023/24 bodi inakopesha pia wa stashahada kwenye fani za kipaumbele, afya ikiwemo, hivyo herufi moja inaweza kumkosesha mtu mkopo.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina kalenda yake. Fomu hutoka mwaka ukielekea mwisho, kuna mtihani wa mchujo, na masomo huanza Januari, mwezi uleule ambao matokeo ya kidato cha nne hutoka. Anayesubiri matokeo ndipo atafute fomu hukuta nafasi zimeshajaa. Ndiyo maana fomu ya umeme wa majumbani tuliijaza kabla hata hatujajua atapata nini. Kwenye vyuo vya VETA vyenyewe ada ya kozi ndefu ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Vifaa unanunua mwenyewe. Si chaguo la waliofeli, hata kidogo. Anayejifunza kwa fundi wa mtaani anaweza kujua kazi vizuri kuliko mhitimu, lakini siku akitaka leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ataulizwa cheti. Huyo VETA wana utaratibu wa kumpima na kumrasimishia ujuzi bila kuanza upya darasani.